Ralonji Imekufa, Poleni

Kwa wakaaji wote wa Kindu, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile ya mto. Kwa wakubwa wa serikali, wakubwa wa kanisa na wakubwa wa kujiita wakubwa. Kwa wauza samaki wa makayabu, waendesha pikipiki na wale wote ambao bado wamelala: tunawatangazia, kwa heshima zote na kofia mkononi, kwamba meza ya kulia ya Papa Henri Sumaili wa mtaa wa Mikelenge, iliyopooza kiuno tangu wakati wa vita, imepona. Imepigwa msasa, imepakwa verni, inang'aa kama kipara cha askofu. Inavutika. Inarefuka. Mwenye mashaka aende akavute mwenyewe, kama watu walivyovuta zamani, ila safari hii asitumie nguvu, maana inateleza kama sabuni na mtu anaweza kujikuta amekaa chini mbele ya wakwe wa watu.

Mwenye meza alipopata habari kwamba meza yake imepona, hakufurahi hata kidogo.

Papa Henri ni mtu mfupi, miwani yake imeungwa kwa waya wa shaba. Kazi yake ni redio. Alianza wakati redio ilikuwa sanduku la mbao na mwenye nayo aliitwa bwana mkubwa. Leo anafungua zile ndogo zenye tochi, na simu zilizoanguka mtoni. Hagombani na mtu. Ukimsalimu anakujibu vizuri, lakini huku anatazama viatu vyako. Wageni husema ni mnyenyekevu. Wageni husema mambo mengi.

Meza aliirithi kwa baba yake, aliyekuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa reli. Mwaka ule ambao Wazungu wote walikumbuka kwa ghafla kwamba wana kwao, huyu naye alifunga mizigo. Akachukua mbwa, akaacha meza. Mpishi alikufa bila kuelewa hesabu hiyo. Ni meza ya mbao nyekundu, ngumu, miguu minene iliyochongwa, na chini yake kuna reli za mbao, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa mwenyewe alikuwa wa reli. Ikifungwa inakalisha watu sita. Watu wawili wakisimama huku na huku na kuvuta, inafunguka tumbo. Unapachika katikati mbao mbili ambazo siku nyingine hulala nyuma ya kabati, na watu kumi na wawili wanakula bila kugongana viwiko. Mzungu aliziita mbao hizo kwa Kifaransa chake, mpishi akasikia ralonji, na mtaa mzima ukasema ralonji, miaka mingi kabla umeme haujatuletea ile ralonji nyingine ya waya.

Kabla ya vita, hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Henri. Hakuwa na gari, hakuwa na cheo, hakuwa na hata tumbo. Lakini ikifika Bonane ya mwaka mpya, ubatizo, au Idi ya majirani Waislamu ambao nyumba yao ilikuwa ndogo, alisimama upande mmoja wa meza, akamtafutia mtu upande wa pili, akasema “Vuta” kwa sauti ya mkuu wa stesheni. Mara nyingi aliyeshika upande wa pili alikuwa Mama Josiane, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mikono ya kutwanga na mdomo wa kutwanga pia. Aliijua meza ile kama anavyojua chungu chake.

Halafu vita. Sitaisimulia, wanaoisimulia ni wengi na kila mmoja alikuwa shujaa. Inatosha kusema kwamba ulifika mwaka ambao wenye bunduki wa mjini walikaa mjini, wenye bunduki wa porini wakakaa porini, na mashamba yetu yakabaki katikati. Ukienda shambani, wa porini wanakuita mpelelezi wa mjini. Ukirudi, wa mjini wanakuita mpelelezi wa porini. Muhogo ukaoza ardhini bila kumpeleleza mtu. Treni haikuja, boti haikuja. Asubuhi tulikula matembele, na jioni, ili tusichoke na chakula kimoja, tulikula matembele bila chumvi.

Mwaka huo Kindu ilijifunza kula kimya kimya. Lisemwe wazi, kwa sababu siku hizi hakuna anayelikumbuka. Sisi ambao mtu akikukuta unakula unamwambia “karibu, tukule” hata kabla hujameza, tulianza kufunga mlango, kuziba dirisha kwa gunia na kupika bila kitunguu ili harufu isitembee. Kila nyumba. Nyumba za wanaosali sana ndizo zilikuwa na magunia mazito zaidi. Mgeni akigonga, mnashika vijiko hewani, mnatazamana, mnangoja aondoke.

Siku moja mkubwa mmoja wa wenye bunduki alimletea Henri redio yake ya mawasiliano iliyokataa kusema. Henri aliifungua, akakuta mende amekufa ndani, akamtoa, redio ikasema. Mkubwa alifurahi, akamlipa mchele. Adolphine, mke wa Henri, aliupika mchana wa siku hiyo hiyo kabla mkubwa hajabadilisha mawazo, na juu yake mawese mekundu. Wakakaa mezani: Henri, Adolphine na watoto wanne. Watu sita kwenye meza ya watu sita.

Mlango ukagongwa. Sisi wengine tungenyamaza. Balaa la Henri ni kwamba alikuwa mtu wa adabu: alikwenda kufungua. Alifungua upana wa pua.

Alikuwa Mama Josiane, na mgongoni kitoto chake, Dieumerci. Mume wake alikuwa amekwenda Lubutu kabla barabara haijafungwa, na alikuwa bado hajarudi. Hakuomba chakula, hapa hatuombi chakula, tunapita kusalimia.

“Nimesikia vijiko, nikasema kumbe wako,” akasema. “Nikasema nipite niwasalimie.”

“Ungeingia, Mama Josiane,” akasema Henri, “lakini meza imejaa.”

Mpaka hapo hakuwa amesema uongo. Viti sita, watu sita. Mama Josiane aliinamisha kichwa, akachungulia kwenye ule upenyo, akaona jinsi walivyokaa. Akauliza polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake funguo alizosahau:

“Na ralonji, papa?”

Mtu mwenye akili angekohoa. Angesema mtoto anaumwa, angesema chakula ni kidogo, angesema hata ukweli. Henri alisema:

“Ralonji imekufa.”

Mama Josiane alimtazama. Halafu, kwa sauti ile ile tunayoitumia matangani, akasema:

“Poleni.”

Akageuka, akaenda zake na mtoto wake.

Kesho yake, kwenye kisima, alitua ndoo na uso wa huzuni. Wakamuuliza kuna nini.

“Natoka kwa Papa Henri. Wamefiwa.”

“Na nani tena?”

“Na ralonji.”

Inasemekana wanawake walicheka mpaka wakamwaga maji, na mwaka huo maji ya kumwaga hayakuwepo. Neno likatembea. Likavuka mto bila kulipa mtumbwi, likafika Alunguli. Ukimwomba jirani kipande cha sabuni, anakujibu “ralonji imekufa”, nawe unajibu “poleni”, mnaachana kwa amani. Vijana walipomwona Henri barabarani walivua kofia kama wanapisha jeneza. Mtoto wake mmoja alirudi nyumbani analia kwa sababu wenzake walimuuliza watazika lini.

Sasa angalia uonevu huu. Mji mzima ulikuwa umefunga mlango. Lakini wengine tulikuwa tunakula kwenye mkeka, na mkeka ukijaa umejaa. Hakuna awezaye kukuambia vuta mkeka. Henri peke yake ndiye aliyekuwa na uchoyo wenye ushahidi, wa mbao nyekundu, unaojulikana na kila aliyewahi kubatizwa Mikelenge. Kwa hiyo tulimcheka yeye. Tulimcheka kwa nguvu zote, na kicheko chetu kilifunika kelele za vijiko vyetu wenyewe.

Kama angevumilia, ingepita. Njaa ingeleta mzaha mwingine. Lakini asubuhi moja, Adolphine akiwa amekwenda kutafuta majani, Henri alipanda juu ya paa la jiko. Msumari wa kununua haukuwepo mjini kote. Akang'oa misumari minne ya mabati, ile yenye kofia, akaingia chini ya meza, akalala chali, akaipigilia kwenye zile reli mpaka zikashikana. Akatoka, akavuta. Meza haikufunguka. Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli, na mwenyewe alikuja kusema kwamba siku ile alijisikia kama mtu aliyetokwa na homa.

Jioni ilipofika alimwambia Adolphine: “Si nilisema imekufa? Vuta.” Adolphine akavuta, haikuja. Akasema pengine mbao zimevimba kwa mvua. Hakuuliza zaidi. Naye alikuwa amekaa pale siku ya wali, na alikuwa ameinamia sahani yake.

Toka hapo Henri akawa na neno moja kwa kila mwenye kumcheka: “Njoo uvute.” Na watu wakaja. Mji haukuwa na mpira, haukuwa na bia, haukuwa na sinema. Meza ya Henri ikawa vyote vitatu. Walivuta vijana, walivuta wazee, walivuta askari waliotoka zamu. Alain, mpagazi wa bandari, mabega kama kabati, alivuta mpaka kaptura ikapasuka nyuma. Akasimama pale, mkono mmoja umeshika kaptura, akatoa hukumu:

“Hii imekufa kweli.”

Neno la mpagazi juu ya kitu kigumu ni kama neno la daktari. Mji ukageuka. Sisi hupenda kugeuka, inatufanya tujione tuna moyo. Wale wale waliovua kofia wakaanza kusema: kumbe alisema kweli. Kumbe tulimchekelea bure mtu wa watu. Na nani alianza? Wazee wa kanisa wakamwendea Mama Josiane, wakamwambia jina baya amelitoa yeye, alirudishe yeye.

Na kwetu jina baya halirudishwi kwa mdomo mtupu. Linarudishwa kwa kuku. Mwaka huo kuku waliobaki Mikelenge tuliwajua kwa sura, mmoja mmoja, kama tunavyowajua madiwani. Mama Josiane alikuwa na mmoja, jike la mayai, na yai lake ndilo lilikuwa nyama ya Dieumerci. Akamfunga miguu. Akaja naye mchana, wazee wakiwa nyuma yake na mtaa ukiwa nyuma ya wazee. Kwanza aliomba avute mwenyewe. Akashika ule upande wake wa siku zote, mtoto mgongoni, akavuta kwa mikono yote miwili, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaiacha.

“Papa Henri,” akasema, “nilikucheka, na kumbe wewe ulikuwa unasema kweli. Unisamehe.”

Akaweka kuku juu ya meza.

Kila mtu alimtazama Henri. Palikuwa na nafasi. Mtu anaweza kuingiza neno mahali padogo kuliko pale. Henri alilamba midomo, akatazama kuku, akasema:

“Nimekusamehe, mama.”

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, na wazee walikuwa wanangoja aseme kitu kirefu kidogo, akaongeza:

“Usirudie.”

Kuku wakamla Jumapili. Mlango ulikuwa umefungwa.

Vita iliisha, kwa jinsi vita zetu zinavyoisha: ilitoka kwetu ikaenda kukaa kwa jirani. Muhogo ukarudi, treni ikarudi pale ilipojisikia. Neno lilibaki, lakini halikuwa tena la Henri. Kakule, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kufungua duka karibu na soko, anasimulia bado jinsi wiki yake ya kwanza mteja alivyomuuliza kama ralonji iko. Akasema iko, ya mita kumi, akaenda kuileta. Aliporudi na waya mkononi duka zima lilikuwa limelala juu ya magunia kwa kicheko. Kwa mwaka mzima aliamini ni matamshi yake.

Henri alicheka na wengine. Lakini hakuweza kung'oa misumari. Meza inayofunguka ingesema. Kwa hiyo ikabaki fupi. Bonane zikaja, wajukuu wakaja, watu wakala wamepakata sahani magotini, na mtu akisema “pole kwa ile meza, papa,” Henri alijibu asante. Mume wa Mama Josiane hakurudi kutoka Lubutu. Mama huyo aliuza maandazi, akamlea Dieumerci peke yake, na redio yake ndogo ilipoharibika Henri aliitengeneza bure, akatazama viatu vyake. Iliharibika mara nyingi. Ilikuwa redio mbovu.

“Papa Henri iko na moyo,” Mama Josiane aliwaambia watu. “Mimi nilimutukana, lakini yeye hakuweka ndani.”

Henri akisikia hivyo alikuwa anaacha kula siku hiyo. Adolphine alifikiri ni vidonda vya tumbo, akamchemshia majani machungu. Aliyanywa yote.

Basi, mji huu una vijana na wasichana wa kutosha kwa kila mtu kukosea anavyotaka. Lakini yule Dieumerci wa mgongoni alikua, akanunua pikipiki, akabeba abiria, akambeba Déborah, kitinda mimba wa Henri, na siku moja akasahau kumshusha. Familia zikakubaliana. Siku ya mahari ikapangwa: wakwe watakuja kula kwa Henri.

“Papa,” Déborah akasema, “familia ya Dieumerci tutaikalisha wapi? Tupeleke meza kwa fundi.”

“Ile haitengenezeki.”

“Espoir wa Alunguli anatengeneza hata viti vya makanisa.”

“Mbao ilivimba.”

“Papa, imevimba tangu mimi sijazaliwa. Hata mimba inachoka.”

Henri alikataa kwa sababu zote alizokuwa nazo: ni ukumbusho wa babu, mto una mawimbi, verni ya siku hizi inanuka. Halafu akaitwa Tunda kwenye matanga ya binamu yake. Hakuwa hata amefika Kibombo, katikati ya njia, wanawake walikuwa wamekwisha kodi mkokoteni. Meza ikavuka mto Lualaba ndani ya mtumbwi wa mashine, miguu juu, kama mbuzi wa sikukuu, Adolphine ameketi upande mmoja na Déborah upande wa pili wanaishikilia.

Espoir, kijana mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, hakuigusa kwanza. Aliizunguka. Halafu akapangusa chini yake kwa kitambaa, utando wa buibui ukatoka, akacheka kidogo puani.

“Mama, hii meza haikukufa. Waliifunga.”

Akawaonyesha. Vichwa vinne, vimeota kutu, viwili kila upande.

“Ni yule Muzungu,” akasema Déborah haraka. “Hakutaka tuitumie.”

Adolphine aliinama. Akakwangua kichwa kimoja kwa ukucha. Chini ya kutu palikuwa na kofia ya bati. Akaendelea kukwangua mpaka Espoir akaanza kufikiri mama huyu anaumwa. Tangu mwaka ule wa njaa, mvua ilikuwa ikiingia jikoni kwake upande wa moto. Tangu mwaka ule alikuwa akiwalaani askari waliomwibia misumari, akiwataja kwa lugha zao, na kila msimu wa mvua alisogeza mafiga na kulaani upya.

“Hii njo misumari ya jiko yangu,” akasema.

Espoir aliing'oa kwa koleo, meza ikafunguka kwa mlio kama mtu anayeamka. Aliapa hatamwambia mtu. Alimwambia mke wake tu. Alunguli ilijua kabla verni haijakauka.

Henri aliporudi kutoka Tunda alikuta sakafu tupu na alama nne za miguu ya meza. Akakaa kwenye kiti, katikati ya nafasi hiyo, kama abiria anayengoja treni. Adolphine akaja na sahani, akamwekea magotini. Ndani yake palikuwa na misumari minne.

“Mwizi nimemupata,” akasema. “Kumbe nalala naye.”

Henri aliitazama sahani. Kitu cha kwanza alichosema kilikuwa hiki:

“Mvua ilikuwa inakunyeshea.”

“Ilikuwa inaninyeshea. Na wewe ulikuwa unanishikia mwavuli, unasema hawa maaskari hawana aibu.”

“Adolphine.”

“Mama Josiane anakuja hapa siku ya mahari. Mbele akae kwenye ile meza, utamwambia. Usiposema, hii misumari nitaipika ndani ya sombe, na wewe njo nitakupakulia wa kwanza mbele ya wakwe.”

“Nitamwambia nini?”

“Ile ya kweli. Zile zingine unazijua zote.”

Hakula vizuri mpaka siku yenyewe. Alitembea akijisemea peke yake. Majirani walimsikia nyuma ya nyumba akijaribu kwa sauti: “Mama, wakati wa vita,” halafu anaacha. “Mama, unajua hali ilivyokuwa,” halafu anaacha tena. Alijua kwamba anaweza kuomba radhi kwa kufunga mlango. Kila mtu alifunga. Alijua kwamba misumari nayo inaweza kusemeka, kwa shida. Alipofika kwenye “usirudie” alikuwa anakaa chini.

Siku ikafika. Meza ilisimama katikati ya chumba, ndefu, nyekundu, watu kumi na wawili na sahani zao, wali na kuku na sombe ya majani ya muhogo na samaki. Wakwe wakaingia wamevaa vizuri. Gérard, mjomba wa Dieumerci, msemaji wa familia, alikuwa na hotuba ndani ya koti. Mchungaji alikuwepo. Bruno, binamu wa Adolphine aliyewahi kufanya semina ya siku mbili juu ya majeraha ya moyo, naye alikuwepo, na cheti chake moyoni. Wote wakashika viti. Hakuna aliyekaa, kwa sababu Mama Josiane, mama wa bwana arusi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake na mikono imefungwa kifuani. Anaishi Kindu, habari za Alunguli alikuwa nazo kama sisi wote.

Henri alisimama. Adolphine alikuwa mlangoni mwa jiko, na sufuria.

“Mama Josiane,” Henri akasema, “ralonji haikukufa. Misumari mimi njo niliipigilia, nyuma ya wewe kuja. Halafu ulileta kuku, ukaniomba musamaha. Na mimi nilikusamehe.”

Akaishia hapo. Tulisikia mawese yakichemka jikoni.

Ikumbukwe kwamba sisi ni watu wema panapokuwa na chakula mezani. Wa kwanza kumwokoa alikuwa mchungaji.

“Ni shetani,” akasema. “Vita ilikuwa na mashetani yake.”

“Vita iligeuza watu,” akasema Gérard, akigusa koti. “Hata mimi kuna mambo.”

“Kwa kitaalamu,” akasema Bruno, “hii inaitwa traumatisme. Si yeye aliyepigilia. Ni maumivu njo yalipigilia.”

“Na alikuwa na watoto wanne,” akasema mwingine. “Baba anawaza watoto kwanza.”

Kila mmoja alikuwa anamfungulia mlango wa kutokea, na si upana wa pua. Waliufungua wote, mpaka ukutani. Henri alikuwa na haki ya kupita katika wowote. Angesema ndiyo, ni watoto, na wali usingepoa.

“Wacheni aseme mwenyewe,” akasema Mama Josiane. “Hawa watoto wetu wataoana, hiyo hatuigusi, ni mambo yao. Mimi nataka kujua kama nitakaa hapa ao nitarudi nikule kwangu. Papa Henri, ile siku, nilikuwa pale mlangoni na mutoto. Kwa nini?”

Henri aliinua macho kutoka kwenye viatu vyake. Ilikuwa mara ya kwanza, nafikiri, Mama Josiane kuyaona vizuri tangu vita. Ni macho ya kawaida tu.

“Watoto walikuwa wamekwisha kula,” akasema. “Walikuwa wameshiba. Wali ulikuwa mutamu, mama. Mimi nilitaka kuongeza sahani.”

Mchungaji akatazama juu. Bruno, ambaye semina yake haikuwa na sura ya mambo hayo, akajikuna shingo. Déborah alifunika uso kwa leso, na Dieumerci, mwanaume wa kuvuka matope ya njia ya Kalima bila breki, alitazama nje ya dirisha kama mtu anayelinda pikipiki yake. Haya ilikuwa imekaa juu ya viti vyote kumi na viwili, na sijui ni nani aliyekuwa na nyingi zaidi, maana kila mtu pale mwenye umri alikuwa amekumbuka gunia la dirishani kwake.

Mama Josiane alibaki amesimama. Halafu akavuta kiti, akaketi, akaweka viwiko vyake viwili juu ya ile verni mpya. Watu wakapumua, viti vikakwaruza, wote wakakaa. Akamngojea Henri naye akae. Akamwuliza, bila haraka:

“Na ulishiba?”

Jibu lilijulikana na kila aliyekuwemo. Gérard alikwisha weka mkono ndani ya koti ili aanzie hapo hotuba yake. Mchungaji alikuwa na amina tayari mdomoni. Kilichobaki ni Henri kusema kwamba ule wali uligeuka mchanga, kwamba toka siku ile hakuna chakula kilichopita vizuri kooni mwake.

“Nilishiba, mama,” akasema Henri.